Majina Saba Ambayo Babu Hakuyasema

Jumatano, 3 Julai

Hili sijamwambia mtu yeyote. Si Mama, si Baba kwenye simu, si hata padri. Jumamosi nilipiga magoti mbele yake, nikataja uvivu, nikataja hasira, halafu nikanyamaza kama nimekwisha.

Majina saba ni uongo. Nimeyatunga mimi.

Basi. Nimeandika.

Nianze mwanzo, la sivyo nitaurarua huu ukurasa. Heledd alifika huku Iorras, pwani ya magharibi ya Ayalandi, mwanzoni mwa Juni. Ametoka Wales, ana miaka ishirini na mitatu, anasoma shahada ya pili ya lugha na mila za Kikelti, na chuo chake kimemtuma kwa wiki kumi za mafunzo kazini katika Kituo cha Urithi—ile shule ya zamani yenye paa linalovuja. Kiairishi chake kina lafudhi ya kwao, kama mtu anayekaribia kuimba. Kazi aliyopewa ni kukusanya majina ya mashamba ya kijiji chetu. Kila shamba, kila jiwe kubwa, kila kona ya kijito. Hayamo kwenye ramani ya serikali. Yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanakwisha. Yatawekwa kwenye ramani moja, na ramani itawekwa kwenye ubao, na ubao utasimamishwa njia panda karibu na kanisa.

Na kila aliyemuuliza alimpa jibu moja. Nenda kwa Antaine.

Antaine ni babu yangu. Alipata kiharusi Februari. Amebakiwa na neno moja tu: Ndiyo. Unataka chai? Ndiyo. Umeshiba? Ndiyo. Unaumwa? Ndiyo. Juzi Mama alimtilia chumvi badala ya sukari, akamuuliza, iko sawa Mzee? Ndiyo. Akainywa yote, uso umekunjamana!

Kwa hiyo Mama akamwambia Heledd aniulize mimi. "Huyu ndiye mkia wake. Tangu ana miaka sita wako pamoja nyuma ya kondoo, mvua inyeshe isinyeshe. Yote aliyonayo Mzee, anayo huyu."

Wakanigeukia wote. Babu naye.

Mimi mtu akinitazama tu natamani sakafu inimeze.

Yale mashamba ya chini nayajua kweli. Kumi na mawili. Goti la Ng'ombe, Kona ya Upupu, Shamba la Chokaa, Mgongo... hayo niliyashika nikiwa mdogo, yakaingia kama sala. Lakini ng'ambo ya kijito, kule mlimani, nilianza kwenda nikiwa na miaka kumi na mmoja. Na nikiwa na miaka kumi na mmoja Baba aliniletea hedifoni.

Babu alikuwa akifika langoni anagonga kwa fimbo, anataja jina, anageuka kuona kama nimesikia. Nami natikisa kichwa. Muziki unaniunguruma masikioni, nami natikisa kichwa. Miaka mitano hivyo.

Heledd akauliza, kalamu juu: na ng'ambo ya kijito, Damhnait?

Mama anatabasamu kwa fahari. Ningesemaje? Ningesema nini mbele ya Babu?

"Jiwe la Bibi Harusi," nikasema.

Lilinitoka tu. Kisha mengine sita yakafuata, mazuri kuliko yote ya kweli—Kitalu cha Mfumaji, Kiti cha Kasisi, Bonde la Filimbi—aibu ilinifanya fundi. Kila jina Heledd alimgeukia Babu: ni kweli, Mzee Antaine?

Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mara saba.

Jumamosi, 6 Julai

Nimepata pumzi kidogo!

Heledd ameeleza leo jinsi wanavyofanya kazi. Jina haliingii kwenye ramani bila mashahidi wawili, na hao wawili wasiulizwe pamoja. Shahidi wa kwanza ni Babu (kupitia mimi). Wa pili atakuwa Bibi Baibín, jirani yetu wa upande wa bahari, miaka themanini na minane, meno mawili, masikio mazima.

Nimefurahi hadi nimekula viazi mara mbili. Bibi Baibín na Babu hawajawahi kukubaliana jambo tangu darasa la kwanza. Babu akisema mvua inakuja, yeye anaanika nguo. Atasema: hilo sijalisikia maishani mwangu, Antaine kachanganyikiwa. Na majina yangu saba yatafutwa kimyakimya, na hakuna atakayejua, na mimi nitaanza upya kuwa mtu.

Jumanne tunakwenda kwake. Heledd anataka niende naye kwa sababu hamwelewi vizuri Bibi Baibín, kwa ajili ya yale meno.

Jumanne, 9 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Bibi Baibín alikuwa amevaa blauzi ya kwenda misani. Keki mezani, vikombe vile vya kabatini ambavyo havitolewi ila kwa msiba au askofu. Alijiandaa! Kumbe amekasirika wiki nzima kwamba kituo kilianza kwa Antaine.

Yale kumi na mawili ya chini alitaja kumi mwenyewe, haraka haraka, anahesabu kwa vidole. Mawili akasema Antaine ana akili ya kondoo, kisha akayakubali. Heledd anaandika, uso unang'aa.

Kisha Heledd akauliza: na lile jiwe kubwa ng'ambo ya kijito?

Bibi Baibín akachukua kikombe, akakirudisha. Nilimwona kabisa kuwa hajui. Mimi najua uso wa mtu asiyejua, ndio uso wangu.

"Antaine kasemaje?" akauliza.

Nilimwomba Mungu Heledd asijibu. Ndiyo kanuni yenyewe! Wasisikiane! Lakini Heledd ni mpole, hapendi mzee aone aibu, na kule Wales labda wazee hawana ushindani wa namna hii. Akamwambia.

Bibi Baibín akalisema jina lile polepole, kama analionja. Macho yake yalitoka kwangu yakaenda dirishani. Halafu—

"Sasa lingeitwa nini jingine?"

Nikarudisha keki sahanini.

"Hee! Antaine alikuwa akinakili hesabu zangu, leo ndiye anajua Jiwe la Bibi Harusi kunizidi? Andika, mwanangu. Marehemu mama yangu alinionyesha. Bibi harusi alikaa pale siku nzima kwenye manyunyu, bwana harusi yuko kwa shangazi yake anacheza karata. Jioni akaja, akamkuta amelowa. Unajua akamwambia nini yule msichana? Akamwambia, wewe nenda ukaoe karata."

Heledd akacheka hadi akafuta machozi. Na mimi nikacheka. Nifanyeje!

Akayakubali yote saba. Kila moja alisubiri kwanza asikie Antaine kasemaje. Kwenye Kiti cha Kasisi akaongeza kasisi mwenyewe, kilema, na mbwa wa kasisi.

Njiani Heledd alinishika bega akasema hajawahi kupata siku kama hii tangu aanze masomo. Jina likiwa na hadithi, alisema, lina mizizi.

Mizizi!

Jumatano, 10 Julai

Baba alipiga simu kutoka Uskoti. Anafunga mitambo ya upepo, anarudi Krismasi. Nikamuuliza kama mchezo tu: Baba, lile jiwe la ng'ambo ya kijito lilikuwa linaitwaje?

Akafikiri. Nikasikia upepo kwenye simu yake.

"Sisi tulisema jiwe tu. Babu yako alikuwa na jina lake lakini mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira. Kwani unaniuliza mimi? Mwenye elimu hiyo ni wewe."

Akacheka kwa upendo. Laiti angenitukana.

Alhamisi, 18 Julai

Nimepanda mlima peke yangu. Mbuzi hakuna, watu hakuna, kondoo tu na ile alama ya rangi ya buluu ya mwenye mali mgongoni. Nilifikiri nikisimama kwenye kila lango kama zamani, nikifumba macho, jina litarudi. Mtu hasahau kabisa, walitufundisha hivyo kwenye somo la sayansi, kila kitu kimo kichwani.

Nimesimama lango la kwanza. Ulinirudia wimbo. Ule nilioupenda nikiwa darasa la sita, kiitikio chote, na ile ngoma ya kabla ya kiitikio.

Lango la pili, wimbo mwingine.

Lango la tatu, nakumbuka mkono wa Babu. Kucha ya kidole gumba imepasuka. Nakumbuka fimbo inapiga chuma. Nakumbuka mdomo wake unafunguka. Sauti ni ya yule mwimbaji.

Kila shamba nina wimbo wake. Sina jina hata moja.

Nimekaa juu ya lile jiwe nikalia kwa sauti mbaya, kwa kuwa kule hakuna wa kusikia. Jiwe la Bibi Harusi! Mvua ikaja nikalowa. Nikafikiri, haya, sasa angalau kuna msichana mmoja wa kweli aliyewahi kulowa hapa.

Niliporudi Mama aliuliza nilikuwa wapi. Nikasema kwa kondoo. Babu kwenye kiti chake kando ya jiko alinitazama viatu, lile tope jekundu ambalo liko mlimani tu. Akasema Ndiyo. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Ijumaa, 26 Julai

Nilikwenda kituoni leo kusema kweli. Naapa nilikwenda kwa hilo tu.

Nimefikiria hata lugha ya kusemea. Uongo niliusema kwa Kiairishi, kwa sababu nyumbani ndicho tunachosema. Basi nikaona kukiri nikiri kwa Kiingereza, lugha ya shuleni, lugha ya fomu na mitihani. Labda kwa Kiingereza nitakuwa mtu mwingine na mtu huyo ana ujasiri. Nilifanya mazoezi njia nzima. Ng'ombe wa jirani yetu Mac Aindriú walinisikiliza.

Heledd alikuwa peke yake, ndoo tatu sakafuni za kukinga maji ya paa, kompyuta juu ya dawati la watoto, magoti yamembana. Nikasema, nina jambo.

Akasema: ngoja, mimi kwanza, siwezi kuvumilia!

Mwalimu msimamizi wake amesoma yale majina. Amesema haya ya ng'ambo ya kijito ni hazina, hayafanani na ya kijiji chochote cha jirani (bila shaka hayafanani!). Wamo sita darasani kwao, na nafasi za mafunzo kama hii zilikuwa mbili, na nafasi ya kuendelea na shahada ya uzamivu ni moja. Mwalimu amemwambia: andika sura nzima juu ya hayo saba, nafasi ni yako.

Halafu akaniambia kuhusu nyumba ya bibi yake huko Wales. Wageni waliinunua, wakang'oa kibao cha langoni, wakaweka jina la Kiingereza lenye maua ndani yake. Jina la kwanza lilikuwa na miaka mia tatu. Bibi yake yuko nyumba ya wazee sasa, anaandikiwa barua kwa anwani mpya, anasema mtu wa posta amekosea, hiyo si ya kwangu. "Ndiyo maana nasoma haya," akasema. "Mtu anakuja na jina zuri zuri la kutunga, anafuta la kweli, na kila mtu anasema limependeza."

Alisema hivyo. Mbele yangu. Huku ananikaribisha biskuti.

"Haya, jambo lako?"

Nikafungua mdomo. Kiingereza hakikuja. Kiairishi hakikuja.

Akadhani naona haya, akageuza kompyuta. "Nilitaka kukushtua, lakini tazama." Pembeni ya ramani, chini, herufi ndogo: *Majina yametunzwa na Antaine Ó Gionnáin na mjukuu wake Damhnait.*

Nikasema asante. Biskuti imo mfukoni mwa koti hadi sasa.

Jumapili, 28 Julai

Baada ya misa, nje ya kanisa. Féichín, meneja wa kituo, anapita kila kundi kutangaza kwamba ubao utazinduliwa tarehe 11 na watu walete keki. Anataka pia kusafisha njia ya miguu hadi Jiwe la Bibi Harusi. Wachumba watakuja kupiga picha, anasema. Ameshasema na mtu mwenye mashine ya kukata majani.

Bibi Baibín katikati ya watu kama malkia. Bibi harusi sasa ana jina. Anaitwa Sorcha, na ana nywele nyekundu, na siku ile hakukuwa na manyunyu tena, kulikuwa na mvua ya mawe.

Na si yeye tu. Mzee Cóilín wa barabara ya juu, ambaye kwa kawaida hasemi neno ila juu ya mpira, akasema kweli, kweli, hata baba yake alimkataza kukaa kwenye jiwe lile siku ya harusi ya dada yake. Mkewe akamwuliza mbona hujanieleza miaka arobaini? Akasema hukuniuliza! Watu wakacheka. Na mama mmoja akasema Bonde la Filimbi, ah, akiwa mtoto aliisikia filimbi yenyewe jioni moja, na akashika kifua chake, na macho yake yalikuwa na machozi. Ya kweli.

Hawasemi uongo. Hilo ndilo linaloniua. Mimi peke yangu ndiye mwongo. Wao wanakumbuka. Wamekaa miaka mingi wanaona mambo yanawatoka kichwani moja moja, leo wameletewa kitu mkononi wakaambiwa hiki ni chenu—nani atasema hapana?

Bibi Baibín aliponiona alinivuta shavu.

"Huyu hapa! Mnamwona alivyo, hata salamu lazima umkamue. Lakini huyu ndiye aliyekaa akamsikiliza mzee. Watoto wangu mimi walikwenda Boston wote, hakuna aliyesikiliza. Mungu akubariki, binti wa Gráinne, wewe ulisikiliza."

Nilitapika nyuma ya gari la Mama. Mama akasema ni yale mayai.

Jumatano, 31 Julai

Sina la kuandika. Faili linakwenda kwa mchapaji Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo ni chuma na rangi, miaka thelathini kwenye mvua, Féichín amesema hata chumvi ya bahari haitaila.

Nimehesabu nani ataumia nikisema. Heledd atapoteza nafasi, na kwa kosa lake pia, maana alimtajia Bibi Baibín majina. Bibi Baibín atakuwa kichekesho mbele ya kijiji chote akiwa na miaka themanini na minane. Mama. Féichín na mashine yake.

Nikinyamaza nani ataumia? Mashamba saba. Mashamba hayalii.

Na Babu. Lakini Babu husema Ndiyo.

Kesho Heledd analeta nakala ya majaribio nyumbani, Babu aione kwanza kabla ya wote. Amesema ni heshima yake.

Alhamisi, 1 Agosti

Saa tisa alasiri. Niko chumbani. Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Heledd alikuja saa nne asubuhi na karatasi imeviringishwa chini ya koti isilowe. Ameitandaza mezani mbele ya Babu, akaibana pembe nne kwa sukari, siagi, chupa ya maziwa na redio. Nzuri sana. Kijito kwa buluu. Kila jina kwa herufi za zamani za Kiairishi. Babu alikuwa anakula mkate na chai.

Heledd akachuchumaa kando yake kama mtoto. "Ni yako hii, Mzee Antaine. Iko sawa?"

Ndiyo.

Mama akafuta macho kwa aproni. Wakaenda wote wawili dirishani kuzungumzia keki za tarehe 11, na mimi nikabaki nimesimama mlangoni, nimeshika fremu.

Babu aliweka kidole cha mkono wa kushoto, ule mzima, chini kabisa mwa ramani. Goti la Ng'ombe. Akagonga. Tok. Kona ya Upupu. Tok. Kama fimbo kwenye lango! Anasoma polepole, midomo inakwenda, anagonga. Yote kumi na mawili. Sijamwona hivyo tangu Februari, mgongo umenyooka.

Akavuka kijito.

Kidole kikasimama juu ya lile jiwe. Kikakaa. Hakikugonga. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Akasogea shamba la pili. La tatu. Pumzi yake ilibadilika, nikaisikia toka mlangoni.

Halafu akamega mkate. Kombo dogo, la ukubwa wa njegere. Akaliweka juu ya Jiwe la Bibi Harusi. Akamega lingine, akaliweka juu ya Kitalu cha Mfumaji. Kiti cha Kasisi. Bonde la Filimbi. Anamega kwa mkono mmoja, anaweka kwa uangalifu, kama anapanda mbegu.

Makombo saba. Juu ya yale kumi na mawili, hata moja.

"Mzee! Unaichafua ramani ya watu!" Mama akaja na kitambaa, akafuta yote mara moja. Heledd akasema aa, hana neno, anacheza tu, ni nakala.

Mama alipogeuka, Babu akamega tena. Moja. Akaliweka kwenye lile jiwe. Na safari hii hakuitazama ramani. Alinitazama mimi.

Nilifikiri nitaona hasira. Ningeipokea hasira, ningeshukuru. Haikuwa hasira. Alinyanyua ule mkono wake wa kushoto polepole hadi kwenye sikio lake mwenyewe. Akaliziba kwa kiganja. Akabaki hivyo, ananitazama.

Anajua. Si uongo tu anaojua. Anajua hedifoni. Anajua kwamba miaka mitano aliyokuwa akigeuka kuangalia kama nimesikia, alikuwa anaongea na mlima.

Ndipo nikaelewa jambo jingine, naliandika hapa kwa sababu siwezi kulibeba. Hajachanganyikiwa. Majina yote saba yamo mle ndani, mazima. Anayaona. Hawezi kuyatoa. Na mtu pekee aliyewahi kuyapewa ni mimi.

Heledd aliaga, akambusu Babu kichwani. "Basi kesho saa sita naituma. Umeridhika kabisa, Mzee?"

Ndiyo, akasema Babu. Bado ananitazama mimi.

Nakala wameiacha mezani iwe ya kwetu. Mama amekwenda dukani mjini Béal an Mhuirthead kutafuta unga wa keki. Mimi nikakimbilia humu, nikafunga. Tangu saa hiyo nimekaa kitandani na simu mkononi, namba ya Heledd imefunguka, kidole juu yake. Nimeandika ujumbe mara tatu kwa Kiingereza, mara moja kwa Kiairishi. Nimefuta yote. Wa mwisho ulikuwa na neno moja tu, *Usiitume*, na hata hilo—

Nasikia kitu ukumbini.

Fimbo. Mguu. Mguu unaoburuzwa. Fimbo.

Hajawahi kuja upande huu wa nyumba tangu arudi hospitalini. Miezi mitano mwisho wake ni choo. Nani amemnyanyua kitini? Hakuna mtu! Amejinyanyua mwenyewe.

Na kuna sauti nyingine, ya karatasi. Amebeba ramani kwapani, inakwaruza ukuta.

Na hatua zenyewe siyo za ndara. Ni nzito. Ni zile buti za mlimani zilizokuwa nyuma ya mlango toka Februari. Kazivaaje kwa mkono mmoja? Amekaa muda gani pale anahangaika na kamba, na mimi humu naandika?

Anataka twende. Mungu wangu, anataka twende juu, sasa hivi, kwenye manyunyu haya. Atafika langoni atagonga. Atafungua mdomo. Atageuka kuona kama nimesikia. Halafu?

Fimbo. Mguu.

Hedifoni ziko hapa mezani, mbele ya macho, lazima nizi—

Amesimama. Anapumua. Kitu kimegonga mlango, chini kidogo, pale lango linapogongwa. Tok.

Naficha ukurasa huu chini ya mto, ramani inapita chini ya mlango—